Taa Ikiwaka Kisha Ikazimika: Kwa Nini Konsoli za Gemu Hufa

Konsoli ya gemu inapogoma kuwaka, mwenye nayo hukimbilia kutafuta maana ya taa. Xbox 360 ina robo tatu za duara jekundu, PS3 ina njano inayofuatwa na nyekundu ya kupepesa, PS4 ina buluu isiyotaka kugeuka nyeupe. Kila taa imepewa jina la kifo, na kila jina limezaa dawa yake mitaani: ipashe moto, ifunge kwa taulo, ibane kwa skrubu ndefu. Dawa hizo zimemaliza mashine nyingi ambazo zingeweza kuishi. Taa husema jambo moja tu, kwamba mashine ilijikagua ilipokuwa ikiamka, ikakuta kitu hakijibu, ikasimama. Ni kitu gani hakijibu na kwa sababu gani, taa haisemi. Anayetaka kujua hana budi kuufuata umeme kutoka ukutani hadi kwenye chipu, akianza na kilicho rahisi kukagua.

Hapa tunazungumzia zaidi mashine zinazoonekana kwenye vibanda vya gemu na sebule za Uganda: PS3 na Xbox 360 ambazo bado zinaliingizia kibanda pesa, PS4 zilizoletwa zikiwa zimetumika, na PS5 zinazoanza kufika mezani kwa mafundi.

Lehemu inavyochoka

Ndani ya kila konsoli kuna chipu moja au mbili kubwa zinazofanya kazi nzito. Chipu si kipande kimoja. Juu kuna kisahani chembamba cha silikoni. Kisahani hicho kimekaa juu ya vinundu vidogo mno vya lehemu, na vinundu vimekaa juu ya kibao kidogo cha kijani. Chini ya kibao hicho kuna duara za lehemu kubwa kidogo, mamia kwa mamia, zinazokishikiza kwenye mazabodi, yaani ubao mkuu wa mashine. Kwa hiyo kuna tabaka mbili za lehemu, moja ndani ya chipu na nyingine chini yake. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayotenganisha fundi anayejua anachofanya na yule anayebahatisha.

Silikoni ikipata joto hutanuka kidogo sana. Kibao cha chini na mazabodi hutanuka karibu mara tano zaidi. Mashine ikiwaka kila kitu hutanuka kwa kiasi chake, ikizimwa kila kitu husinyaa, na lehemu iliyo katikati huvutwa huku na huku. Mwisho hupata ufa, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa mpaka ukakatika. Kinachoichosha si wingi wa saa za kucheza peke yake, bali ni idadi ya safari kutoka baridi kwenda moto na kurudi, pamoja na ukali wa moto wenyewe. Ndiyo maana mashine inayokatikiwa na umeme mara nne kwa siku inaumia kwa namna ambayo mashine inayowaka mfululizo mahali penye hewa haiumii.

Xbox 360 ndiyo mfano mkubwa. Ilitoka Novemba 2005 ikiwa na chipu mbili za nanomita 90 (kipimo cha vijenzi vya ndani ya chipu; namba ikiwa ndogo, joto hupungua), zenye joto kali, ndani ya kasha lenye nafasi ndogo ya hewa. Kufikia Julai 2007 watengenezaji wake, Microsoft, walilazimika kurefusha waranti hadi miaka mitatu kwa hitilafu ya taa tatu nyekundu, na kutenga zaidi ya dola bilioni moja kwa ajili ya matengenezo. Kwa miaka mingi lawama ziliangukia lehemu isiyo na risasi, kwa kuwa sheria ya Ulaya ya kuondoa risasi kwenye vifaa vya elektroniki ilianza kutumika Julai 2006 na viwanda vilikuwa vinajipanga. Lawama nyingine ziliangukia kibano chenye umbo la X kilichokuwa kikiukunja ubao. Mwaka 2021 Microsoft wenyewe walieleza kwamba miunganiko iliyopasuka ilikuwa ndani ya chipu, kwa sababu ya kupanda na kushuka kwa joto kila mtu alipowasha na kuzima.

Maelezo hayo yana maana kubwa kwa mfuko wako. Kama ufa uko ndani ya chipu, kung'oa chipu na kuipandishia duara mpya za lehemu chini yake hakugusi ufa wenyewe. Na kuipasha kwa bunduki ya hewa moto hakuyeyushi chochote cha maana: lehemu isiyo na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 217 za Selsiasi, na mashine nyingi "hufufuka" kwenye joto la chini kabisa ya hapo. Kinachotokea ni kwamba joto hutanua vipande vilivyopasuka vikagusana tena. Mashine huwaka, mteja hulipa na kuondoka. Baada ya siku au wiki kadhaa vipande huachana tena, na safari hii kapasita zilizo karibu na plastiki za soketi nazo zimeungua. Fundi anayekwambia atapasha moto na kukupa dhamana ya miezi sita anakuahidi kitu ambacho fizikia haiwezi kumpa.

PS3 za kwanza, zilizoanza kuuzwa Novemba 2006, zina hadithi inayofanana. Chipu yake ya picha ya nanomita 90 ndiyo hufa mara nyingi. Wapo mafundi wanaozilaumu kapasita bapa zilizo kwenye mazabodi, na kwa baadhi ya mashine wana haki, kwa hiyo kapasita hukaguliwa kabla ya chipu kuhukumiwa. Kwa mashine zote mbili ushauri wetu ni ule ule: usiweke pesa kwenye ile nene ya zamani iliyokwisha kuonyesha taa ya kifo. Tafuta Xbox 360 nyembamba ya mwaka 2010 na kuendelea, ambayo chipu zake mbili ziliunganishwa kuwa moja ya nanomita 45, au PS3 nyembamba ya 2009 na kuendelea. Joto lao ni dogo na ugonjwa huo umepungua sana.

Kabla ya kuitupa Xbox 360 nene, hata hivyo, isome. Taa nne nyekundu maana yake kwa kawaida ni kebo ya picha haijashika, na tiba ni kuichomoa na kuirudisha. Taa mbili ni joto kupita kiasi: zima, subiri, toa vumbi. Taa moja huja na namba kwenye skrini. Tatu ni hitilafu ya jumla, lakini ndani yake kuna namba ya siri. Mashine ikiwa imewaka na taa tatu, shikilia kitufe kidogo cha kuunganisha pedi kisha bonyeza kitufe cha kutoa diski mara moja moja. Kila ukibonyeza, taa huonyesha tarakimu moja, na tarakimu ziko nne: taa zote nne ni sifuri, moja ni 1, mbili ni 2, tatu ni 3. Ukipata 0102, hapo ndipo pa kuanza kuishuku chipu kubwa au miunganiko yake.

Vumbi jekundu, mende, na usafishaji usioharibu

PS4 ilitoka Novemba 2013 na imejengwa vizuri zaidi, kwa hiyo haifi kirahisi kwa ufa wa lehemu. Inakufa kwa mambo ya nje, na la kwanza ni vumbi. Vumbi la barabara za marram ni laini kama unga, na penye unyevunyevu hushikana likawa tope kavu katikati ya mapezi ya hitisinki, kile kipande cha metali kinachopoza chipu. Kwenye kibanda cha mabati mchana wa jua, mashine iliyofungiwa ndani ya kisanduku cha mbao ili isiibwe huvuta tena hewa yake yenyewe ya moto. Feni huongeza kasi, hewa haipiti, mashine huzimika katikati ya mechi. Kisanduku hakikatazwi, ila ubavu wa nyuma na wa pembeni uwe wavu, na pawe na upana wa kiganja kati ya mashine na ukuta.

Mende ni tatizo halisi wala si aibu ya mtu mmoja. Wanapenda pawa saplai ya PS4 kwa kuwa ina joto na giza, na matundu yake ya hewa ni mapana. Miili na kinyesi chao huunganisha sehemu zisizopaswa kuungana, na siku moja fyuzi hukatika kwa kishindo. Usiiache mashine chini sakafuni karibu na jiko au stoo ya chakula, na usiiache katika hali ya kusinzia usiku kucha.

Kusafisha PS4 nene hakuhitaji ufundi mkubwa, kunahitaji utaratibu. Chomoa nyaya zote na usubiri dakika kumi na tano. Tumia bisibisi ya nyota yenye tundu katikati, T8 au T9 kutegemea modeli. Baadhi ya skrubu zimefichwa chini ya vibandiko vya waranti nyuma ya mashine. Fungua upande wa chini. Pawa saplai ikikwisha kufunguliwa huinuliwa polepole, kwa kuwa waya wake mmoja umechomekwa kwenye ubao na pini zake mbili bapa zimeingia moja kwa moja. Usiifungue pawa saplai yenyewe. Ndani yake kuna kapasita inayoshika zaidi ya volti 300, na inaweza kukaa na chaji baada ya kuchomolewa.

Sasa mapezi ya hitisinki yanaonekana. Zuia feni kwa kidole au kijiti, halafu pulizia vumbi kwa blowa ndogo na brashi laini ya rangi. Feni ikiachwa izunguke kwa kasi ya upepo inaharibu beringi zake, na inaweza kurudisha umeme kwenye ubao. Usiipeleke mashine kwa jamaa wa kujaza upepo wa matairi. Kompresa ile hutema maji na mafuta, na ndani ya mashine hayo mawili yanazaa kutu na kuganda kwa vumbi jipya. Kibandani, kazi hii ifanyike kila baada ya miezi mitatu. Nyumbani penye vigae, mara moja au mbili kwa mwaka inatosha.

Ikiwa umesafisha na feni bado inanguruma dakika chache tu baada ya gemu kuanza, pesti ya joto iliyo kati ya chipu na hitisinki imekauka. Hapo unashuka hadi kwenye mazabodi, unafungua kibano cha X kwa kulegeza skrubu zake mbili kwa zamu, nusu mzunguko huku na nusu huku, na kuinua. Futa pesti ya zamani kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Spiriti ya dukani ya asilimia 70 ina maji mengi mno. Weka pesti mpya kiasi cha punje ya njegere na uitandaze iwe tabaka jembamba linalofunika silikoni yote. Nene haipozi zaidi, hupoza kidogo. Dawa ya meno haifai hata kwa siku moja, kwa kuwa maji yake yakikauka inabaki chokaa isiyopitisha joto. Vipande laini vya kijivu vilivyo juu ya chipu za kumbukumbu usivitupe kama havijachanika. Ukivibadilisha, unene uwe ule ule: vikiwa vinene zaidi, hitisinki inaning'inia na chipu kubwa haiguswi sawasawa.

Haya yote hayaihusu PS5. Kati ya chipu yake na hitisinki kuna metali ya majimaji yenye galiamu, ambayo inapoza vizuri sana lakini inapitisha umeme, na tone moja likidondokea kwenye vijikapasita vya pembeni linaweza kuua ubao. Galiamu pia hula alumini. Kwa PS5, ondoa mabamba mawili ya pembeni, ambayo hutoka bila skrubu, nyonya vumbi kwenye matundu mawili yaliyowekwa na kiwanda kwa kazi hiyo, safisha feni, kisha funga. Kuitoa hitisinki ni kazi ya fundi aliyewahi kushughulika na metali hiyo na mwenye akiba yake mkononi.

Umeme

Umeme wa Uganda ni volti 240 kwa jina. Kwa vitendo, jioni watu wote wanapowasha pasi na majiko unashuka, na ukirudi baada ya kukatika huja na mruko wa ghafla. Pawa saplai za PS4 na PS5 hukubali kati ya volti 100 na 240, kwa hiyo kushuka si hatari kubwa kwao. Mruko ndio hatari, kwa kuwa unapiga sehemu za mwanzo kabisa: fyuzi, daraja la kugeuza umeme, na swichi ya elektroniki inayofuata. Fyuzi ikikatika ndani ya pawa saplai, mara nyingi imekatika kwa sababu kitu kingine kimeshaungana nyuma yake. Anayeziba fyuzi kwa waya anaandaa moto.

Kinga ya bei nafuu ni tabia: umeme ukikatika, chomoa plagi kutoka soketini, na ukirudi subiri dakika tatu hadi tano. Kinga bora kidogo ni kile kifaa ambacho watu hukiweka kwenye friji, kinachokata umeme ukipanda au ukishuka kupita kiasi na kungoja dakika kadhaa kabla ya kuurudisha. Kinafanya kazi ile ile kwenye konsoli na televisheni. UPS, kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika, ikiwa ndogo ya VA 650 inatosha PS4 na televisheni ya LED ya inchi 32 kwa dakika kumi hivi ikiwa betri yake ni mpya, muda wa kuhifadhi gemu na kuzima kwa adabu. Inveta za bei ya chini za sola, zile zenye umeme wa ngazi usio laini, huifanya pawa saplai ya PS4 ivume au ikatae kuwaka. Kama kibanda chako kinategemea sola, dai inveta yenye wimbi safi.

Kuna na suala la Yaka, umeme wa kulipia kabla ya kutumia. Yuniti zikiisha, umeme hukatika bila taarifa, na mashine iliyokuwa katikati ya kuandika kwenye diski kuu huachwa na kazi nusu. Angalia mita kabla ya kuanza kusasisha programu ya mfumo. Sasisho lililokatika njiani ndilo chanzo cha mashine nyingi zinazoletwa kwa fundi zikiwa nzima kabisa kwa upande wa vifaa.

Mashine zilizotoka nje zikiwa zimetumika zinahitaji kusomwa kibandiko chake. PS2 nene ya Japani ni ya volti 100 na ya Marekani ni 120. Tofali la umeme la Xbox 360 ya Marekani pia haliwezi volti 240. Ukilichomeka kwenye soketi ya Kampala kupitia adapta ya plagi tu, linaungua papo hapo. Adapta ya plagi hubadilisha umbo la miguu, volti inabaki ile ile. Tafuta tofali la Ulaya au Uingereza, maana transfoma ndogo haiwezi mzigo wa mashine hizo.

Radi nayo. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi mara nyingi zaidi duniani, na mvua za Machi hadi Mei huja nayo kwa wingi. Radi haipiti kwenye soketi tu. Hushuka kwenye kebo ya dishi au antena, ikaingia kwenye televisheni, ikatoka kupitia HDMI, kebo ya picha, hadi kwenye konsoli. Plagi yenye umbo la nane ya PS4 haina waya wa ardhi, kwa hiyo mkondo huo hutafuta njia kupitia ubao. Mawingu yakijikusanya, kuchomoa umeme peke yake hakutoshi. Chomoa na HDMI.

Picha haipo, mashine iko hai

Soketi ya HDMI ndiyo jeraha la kawaida kuliko yote kwenye PS4, PS5 na Xbox One. Ina pini 19 nyembamba, na kebo inayovutwa au kusukumwa kwa kupapasa gizani huzikunja. Jeraha la pili halionekani kwa macho. Ukiwa na televisheni na konsoli zote zimechomekwa, mabati yao yanaweza kuwa na tofauti ya volti (ndiyo ule umeme mdogo unaouhisi ukigusa ncha ya kebo kwa mkono mbichi), na mguso wa kwanza wa kebo hupitisha tofauti hiyo kwenye chipu ya HDMI. Kebo ichomekwe kwanza, umeme baadaye. Hiyo peke yake ingepunguza foleni ya mafundi.

Utajuaje kama ni HDMI? Washa PS4. Taa ya buluu ikigeuka nyeupe na kubaki nyeupe huku skrini ikisema hakuna ishara, mashine yenyewe iko hai. Jaribu kebo nyingine na televisheni nyingine. Halafu zima, na ushikilie kitufe cha kuwasha mpaka usikie mlio wa pili, kama sekunde saba baada ya wa kwanza. Hiyo ni hali ya usalama, ambayo hutoa picha ya ubora wa chini. Ikionekana hapo na kupotea katika hali ya kawaida, chagua namba 2 ubadilishe mpangilio wa picha. Isipoonekana kabisa, angalia ndani ya soketi kwa tochi na kamera ya simu. Kama pini zimenyooka, fundi aweke multimita kwenye hali ya dayodi na apime mistari minane ya picha dhidi ya bati la ubao. Namba zake zinapaswa kukaribiana. Mstari unaosoma sifuri umeungana, usiosoma chochote umekatika. Mistari ikiwa sawa upande wa soketi na tatizo likabaki, chipu ya HDMI yenyewe ndiyo mshukiwa: kwenye PS4 za kwanza ni MN86471A ya Panasonic, kwenye Xbox One S ni SN75DP159, na kwenye PS5 ni MN864739. Fundi akijua namba hizi bila kutafuta, una sababu ya kumwamini.

Kubadilisha soketi kunataka hewa moto kutoka juu ya ubao na joto kutoka chini yake kwa pamoja. Anayeng'oa kwa nguvu huondoka na vikanyagio vya shaba vya ubao, na hapo kazi ya nusu saa inageuka kazi ya kuunga nyaya nyembamba kama unywele.

Buluu isiyogeuka nyeupe

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa mapema. Buluu inayopepesa na kuzimika inaweza kuwa chipu kuu, lakini inaweza pia kuwa diski kuu iliyochoka, na kuijaribu ni bure. Chomoa diski kuu kabisa. Kwenye PS4 nene iko chini ya kifuniko cha juu kinachong'aa, kinachoteleza kando, na imeshikwa na skrubu moja yenye alama za PlayStation. Kwenye ile nyembamba iko nyuma, pembeni. Washa mashine bila diski. Ikileta taa nyeupe na ujumbe kwamba haioni hifadhi, shangilia: mazabodi, chipu na pawa saplai vyote viko hai, na kilichokufa ni diski.

Diski mpya iwe ya inchi 2.5, unene usizidi milimita 9.5, ukubwa usiwe chini ya GB 160. SSD ya SATA inafaa zaidi kwa mashine ya kibanda kwa sababu haina sehemu inayozunguka, kwa hiyo mtikiso wa meza hauiumizi. Kwenye kompyuta, fomati flashi iwe exFAT au FAT32, tengeneza folda PS4, ndani yake folda UPDATE, na ndani yake weka faili iitwayo PS4UPDATE.PUP, herufi zote kubwa. Faili iwe ile ya kusakinisha upya mfumo mzima, inayozidi GB moja. Ile ya kusasisha tu ni ndogo na mashine itaikataa. Ingia hali ya usalama, unganisha pedi kwa waya, chagua namba 7. Kama diski ya zamani inaonekana ila inasuasua, anza na namba 5, ambayo hupanga upya orodha ya data bila kufuta gemu.

Ikiwa hata bila diski mashine haiwaki, rudi nyuma kwenye umeme. Badilisha waya wa umeme, kwa kuwa ule wa umbo la nane ni rahisi kuazima kwenye redio. Kama hakuna mlio wala taa, fundi apime pawa saplai: kuna mstari mdogo wa karibu volti 5 unaobaki hai muda wote, na mstari mkubwa wa volti 12 unaokuja mashine ikiamriwa kuwaka. Mstari mdogo ukiwa haupo, pawa saplai imekufa, na kubadilisha nzima ni salama kuliko kuikarabati. Mistari yote miwili ikiwepo na mashine bado haijibu, ndipo unapoanza kuzungumza juu ya mazabodi.

Pedi

Stiki inayojivuta yenyewe, mchezaji akienda kushoto bila kuguswa, ni uchakavu wa kawaida. Ndani ya stiki kuna vijizuizi viwili vyenye njia ya kaboni na kidole cha metali kinachosugua juu yake. Kaboni ikilika, usomaji wa katikati huhama. Hivyo ndivyo ilivyo kwenye DualShock 4, DualSense na Joy-Con za Nintendo Switch, ambazo tatizo lake lilimfanya rais wa Nintendo aombe radhi mwaka 2020. Tone la alkoholi ya isopropili chini ya stiki, ukiizungusha mara kadhaa, hutoa uchafu na kukupa nafuu. Kitufe cha kuweka upya nyuma ya pedi hurekebisha muunganiko, kaboni iliyolika hairudishi. Tiba ya kudumu ni kubadilisha stiki, na ile ya DualShock 4 ina miguu 14 ya kulehemu. Zipo stiki zinazotumia sumaku badala ya kaboni, na kwa kibanda ambacho pedi haipumziki zinalipa, ila baada ya kuziweka lazima katikati yake isawazishwe. Muulize fundi kama anaweza kusawazisha kabla hajang'oa ile ya zamani.

Ukinunua iliyotumika

Kagua kwa joto. Hitilafu nyingi hazionekani mashine ikiwa baridi, kwa hiyo mwombe muuzaji uicheze gemu nzito kwa dakika arobaini bila kusimama, ukisikiliza feni. Chomeka HDMI na uitikise kidogo. Weka diski uone inasomwa na kutolewa, kwa kuwa kisoma diski cha PS3, PS4, PS5 na Xbox 360 kimefungwa kwa siri na mazabodi yake. Kikibadilishwa kizima kutoka mashine nyingine kitazunguka lakini hakitasoma gemu. Kwenye modeli zenye ubao mdogo wa kisomaji, ule wa awali huhamishiwa kwenye kisomaji kipya, na ukipotea hakuna dukani. Jaribu pia kuingia mtandaoni kwa akaunti yako mwenyewe, maana mashine inaweza kuwa imefungiwa kwa makosa ya mtu mwingine. Mwisho angalia vibandiko na skrubu za nyuma. Kufunguliwa si kosa, huenda ilisafishwa tu. Lakini ukichungulia kwenye matundu kwa tochi ukaona utomvu wa kahawia unaong'aa kuizunguka chipu kubwa, au ubao ulioiva rangi, mashine hiyo ilipashwa moto ili iwake mpaka ipate mnunuzi.